Kuijua hariri: kutoka kifukofuko hadi kwenye lebo

Chukua foronya tatu zilizopangwa kwenye rafu moja. Ya kwanza imeandikwa "satini ya kifahari", ya pili "hariri 22 mm", ya tatu "hariri ya mforosadi, daraja la 6A". Mnunuzi huziona kama ngazi tatu za kitu kimoja. Lakini lebo ya kwanza inataja namna nyuzi zilivyofumwa, ya pili inataja uzito wa kitambaa, na ya tatu inataja mdudu pamoja na alama ambazo uzi ulipewa kabla hata haujamfikia mfumaji. Foronya ya kwanza inaweza kuwa poliesta tupu na lebo yake isiwe na uongo wowote ndani yake.

Karibu kila utata kuhusu hariri unaanzia hapo. Kuna maswali manne, na kila moja linajitegemea: uzi umetoka kwa mdudu gani, umepatikana kwa njia gani, umefumwaje, na kitambaa kina uzito gani. Muuzaji akijibu moja na kunyamaza kwa mengine, bado hujui unachonunua.

Uzi unavyopatikana

Hariri nyingi duniani hutoka kwa nondo mmoja, Bombyx mori, aliyefugwa kwa maelfu ya miaka hadi akapoteza uwezo wa kuruka na wa kuishi bila binadamu. Jike hutaga mayai kati ya 300 na 500. Kiwavi akishaanguliwa hula majani ya mforosadi mchana na usiku kwa muda wa siku 25 hadi 30, hujivua ngozi mara nne, na uzito wake huongezeka takriban mara 10,000. Wafugaji hukatakata majani membamba kwa viwavi wachanga na kuwapa majani mazima wakikomaa. Majani yaliyolowa umande au mvua hukaushwa kwanza, kwa sababu unyevu kwenye trei huleta magonjwa yanayoweza kufuta kundi zima kwa siku chache.

Kiwavi aliyekomaa huacha kula, huinua kichwa, na huanza kutoa ute kupitia tundu lililo chini ya mdomo. Ute huo hugeuka uzi unapovutwa hewani. Kichwa hukizungusha kwa mchoro wa tarakimu nane, na kwa siku mbili au tatu hujifungia ndani ya kifukofuko kilichojengwa kwa uzi mmoja usiokatika, wenye urefu unaoweza kufika mita 1,000 au zaidi. Sehemu inayozongoleka vizuri, yaani inayofunguka kwa mfululizo bila kukatika, huwa kama mita 600 hadi 900. Tabaka la nje limevurugika mno na la ndani ni jembamba kupita kiasi.

Ukiutazama uzi huo kwa hadubini utaona nyuzi mbili zilizolala sambamba ndani ya gundi. Nyuzi zenyewe ni protini iitwayo fibroini, na gundi ni protini nyingine, serisini, ambayo ni kama robo ya uzito wote. Fibroini ya Bombyx mori ikikatwa kwa upana ina umbo la pembetatu yenye kona za mviringo. Pande hizo bapa ndizo zinazorudisha mwanga, na ndiyo maana hariri hung'aa kwa kina na kubadilika unapoisogeza, tofauti na mng'aro wa bapa wa poliesta nyingi za bei rahisi.

Sasa tufike mahali ambapo njia zinaachana. Nondo akiachwa atoke, hutema majimaji yanayolainisha gundi kisha husukuma nyuzi na kujipenyeza. Uzi ule mmoja mrefu hukatika vipande vingi. Kwa hiyo mzalishaji anayetaka uzi mzima huwaua pupa, yaani viwavi wanaogeuka nondo ndani ya vifukofuko, kwa mvuke au hewa ya moto kabla hawajatoka. Vifukofuko huwekwa kwenye maji ya moto ili gundi ilegee, huchokonolewa kwa brashi mpaka ncha ya uzi ipatikane, halafu nyuzi za vifukofuko kadhaa huunganishwa na kuzongolewa kwa pamoja.

Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Uzi wa kifukofuko kimoja huwa na denia 2 hadi 3 tu, hivyo ili kupata uzi wa kawaida wa denia 20/22 huunganishwa vifukofuko 7 hadi 10. Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Uzi wa kila kifukofuko huwa mwembamba unapokaribia mwisho, na mzongoaji inabidi aongeze kifukofuko kipya kwa wakati. Akichelewa, uzi unakonda, akiwahi, unanenepa, akiunganisha vibaya, kinabaki kinundu. Kilo moja ya uzi huhitaji kilo 6 hadi 8 za vifukofuko vibichi, kwa hiyo kosa dogo hapa ni ghali.

Vifukofuko vilivyotobolewa, vilivyoharibika, na tabaka za nje zilizovurugika havitupwi. Huchemshwa, huchanwa kama sufu na kusokotwa kuwa uzi. Hii ndiyo hariri ya kusokotwa. Ni hariri halisi kwa asilimia 100, lakini imejengwa kwa nyuzi fupi: mng'aro wake ni hafifu, hushika joto zaidi, na baada ya kuvaliwa sana huota vipele vidogo vya nyuzi. Mabaki mafupi kabisa yanayodondoka wakati wa kuchana hutengeneza kitambaa kizito chenye chembechembe, kisichong'aa, kinachofanana na pamba nene. Madukani kitambaa hicho mara nyingi huuzwa kwa jina la "hariri ghafi", na hapo mkanganyiko unazaliwa upya, kwa sababu kwa wenye viwanda hariri ghafi ni uzi uliozongolewa ambao bado una gundi yake. Ni vitu viwili vilivyo mbali kabisa.

Vivyo hivyo "hariri ya amani", ambayo nondo huachwa watoke wakiwa hai. Ni uamuzi wa kimaadili unaostahili heshima, ila anayeinunua ajue kwamba kwa Bombyx mori uzi huo lazima usokotwe. Akiahidiwa satini inayoteleza kama maji na wakati huohuo nondo aliyetoka salama, ana haki ya kuuliza maswali.

Baada ya kuzongolewa au kufumwa, hariri huchemshwa kwenye maji ya sabuni karibu na nyuzi joto 95 ili gundi itoke. Kitambaa kigumu kama karatasi hugeuka laini, na hupoteza kama robo ya uzito. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vilirudisha uzito huo kwa kuloweka hariri kwenye chumvi za bati, wakati mwingine kupita kiasi kilichopotea. Ndiyo maana nguo nyingi za hariri za enzi hizo sasa zinapasuka zenyewe kwenye mikunjo hata zikiwa sandukuni: chumvi ya metali imekuwa ikiidhoofisha protini kwa zaidi ya miaka mia.

Ilikotoka

China ndiko ufugaji ulikoanzia. Katika eneo la kale la Qianshanyang, mkoani Zhejiang, vilipatikana vipande vya kitambaa cha hariri vinavyokadiriwa kuwa na umri unaozidi miaka 4,000. Simulizi za huko humtaja Leizu, mke wa Mfalme wa Manjano, kuwa ndiye aliyegundua uzi baada ya kifukofuko kudondoka ndani ya chai yake. Iwe ni kweli au si kweli, kisa hicho kinaeleza kiufundi jambo sahihi: maji ya moto ndiyo yanayofungua kifukofuko.

Kiwango walichofikia Wachina kinashangaza mpaka leo. Kaburi la mwanamke wa tabaka la juu huko Mawangdui, la karne ya 2 kabla ya Kristo, lilikuwa na joho la hariri nyepesi lenye mikono mirefu lenye uzito wa gramu 49 tu. Karne mbili hivi baadaye, Warumi waliovaa hariri hawakujua inatoka wapi. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, aliandika kwamba inachanwa kutoka kwenye majani ya miti. Mayai ya nondo yalifika Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, mnamo mwaka 552 hivi, yakiletwa na watawa kwa ajili ya Kaisari Justinian, na kutoka hapo ufugaji ukasambaa hadi Italia na Ufaransa.

Ulaya haikuudumisha ufugaji huo. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa wa pebrini, unaowaachia viwavi madoa meusi kama pilipili manga iliyosagwa, uliharibu vibaya ufugaji wa Ufaransa na Italia. Mwanasayansi wa Kifaransa Louis Pasteur alianza kuuchunguza mwaka 1865 huko Alès, kusini mwa Ufaransa, na akaonyesha kwamba vimelea hupita kutoka kwa mama hadi kwenye mayai. Dawa yake ilikuwa utaratibu: kila jike atage peke yake, kisha asagwe na kuchunguzwa kwa hadubini, akiwa na vimelea, mayai yake yachomwe. Wazalishaji wa mayai ya viwavi bado wanatumia kanuni hiyohiyo. Japani nayo ikajipanga upya, ikafungua kiwanda cha Tomioka mwaka 1872 kwa mitambo ya Kifaransa. Leo China inaongoza kwa uzalishaji, na India inaifuata.

Hariri za porini

Si kila hariri ni ya mforosadi. Tasari hutoka kwa nondo wa jamii ya Antheraea. Uzi wake ni bapa na mpana, una rangi ya kahawia, na hupokea rangi nyingine kwa shida. Muga, ya jimbo la Assam nchini India, ina rangi ya dhahabu ya asili isiyohitaji kutiwa rangi kabisa. Eri hutoka kwa viwavi wanaolishwa majani ya mbarika, na kifukofuko chao kina uwazi upande mmoja, hivyo hakizongoleki hata mzalishaji akitaka. Husokotwa na kutoa kitambaa kizito kidogo, chenye joto, kinachopendeza kwa shali. Madagaska ina landibe, hariri ya porini iliyofumiwa vitambaa vya heshima na sanda kwa vizazi vingi. Kuzipima hariri hizi kwa kipimo cha mforosadi ni kuzionea. Dosari inayostahili lawama ni kuuziwa moja kwa jina la nyingine.

Dupioni ni jambo jingine. Hiyo ni ya mforosadi, ila viwavi wawili wamejenga kifukofuko kimoja na nyuzi zao zimeshikana. Uzi hutoka na vinundu, na kitambaa huwa kikakamavu chenye mistari isiyo sawa. Vinundu hivyo ndivyo sura yake. Ukiviona kwenye satini ya hariri, hapo ni kasoro.

Mfumo na uzito

Satini ni mfumo, yaani namna ya kufuma. Uzi mmoja hupita juu ya nyuzi nne, au saba, ndipo ushuke chini ya mmoja. Urefu huo ulio wazi ndio unaong'aa. Unaweza kufuma satini kwa hariri, poliesta, viskosi (uzi wa kiwandani utokanao na mbao) au pamba. Udhaifu wake umo ndani ya uzuri wake: nyuzi zinazoelea hukwama kwenye kucha na pete, na mishono ya nguo iliyobana huanza kufunguka kwa sababu nyuzi zinateleza. Kabla ya kununua gauni, shika kitambaa pande mbili za mshono na uvute taratibu. Ukiona mwanga na nyuzi zikiachana, nguo hiyo haitavumilia kukaliwa.

Krepu hufumwa kwa uzi uliopotwa sana, hata zaidi ya mizunguko 2,000 kwa mita, mara kuume mara kushoto. Ikilowa, nyuzi hizo hutaka kujifungua, na kitambaa hujikunyata. Krepu iliyooshwa vibaya inaweza kupoteza kipimo chake kabisa. Twili, yenye mistari ya mshazari, hukaa vizuri kwenye skafu na tai. Habotai ni mfumo wa kawaida wa juu-chini, laini na mwepesi, mzuri kwa bitana.

Uzito hupimwa kwa mome, kipimo cha Kijapani ambacho kwenye lebo hufupishwa "mm". Hakihusiani na milimita. Mome 1 ni takriban gramu 4.34 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mome 19 ni gramu 82, mome 22 ni gramu 95, na mome 30 ni gramu 130. Shifoni na organza huwa mome 4 hadi 8. Blauzi hutulia kwenye 16 hadi 19. Foronya na mashuka yanahitaji 19 hadi 25. Juu ya hapo kitambaa huwa kizito na hukauka polepole, na sioni kwamba kudumu kwake kunaongezeka kwa kiasi kinacholingana na gharama.

Dai la mome ni rahisi kulihakiki kwa mizani ya jikoni. Foronya ya sentimita 50 kwa 75 ina pande mbili, jumla mita za mraba 0.75, ongeza pindo na mfuniko, iwe kama 0.85. Ikiwa ni ya mome 22 kweli, itakuwa na gramu 80 hivi. Ikisoma gramu 60, umeuziwa mome 16. Mizani haitakuambia kama ni hariri. Itakuambia kama muuzaji anasema kweli kuhusu uzito. Tena, linganisha mome kwa vitambaa vya mfumo mmoja tu. Kitambaa cha mabaki chenye mome 35 si bora kuliko satini ya mome 19 kwa sababu tu ni kizito.

Na ile 6A? Ni daraja la juu la uzi ghafi. Uzi huzungushwa kwenye ubao mweusi na kutazamwa chini ya mwanga maalumu: usawa wa unene, vinundu, vijinyuzi vilivyochomoza, na vipimo vingine vya uimara. Daraja hilo linabaki na robota la uzi. Kitambaa kikishafumwa na kutiwa rangi, wewe mnunuzi huna njia ya kulithibitisha. Badala ya kuamini tarakimu, inua kitambaa mbele ya dirisha. Uzi usio sawa hujionyesha kama mistari ya mlalo, myeusi na myeupe kwa zamu, na mafundo huonekana kama nukta. Cheti cha OEKO-TEX nacho, kinachopatikana kwenye lebo nyingi, kinahusu kemikali zenye madhara. Hata poliesta hupata cheti hicho.

Kuhakikisha ni hariri

Chomoa uzi mmoja wa mtande (wa urefu) na mmoja wa mshindio (wa upana) kutoka kwenye ukingo wa ndani wa mshono. Fanya yote mawili, kwa kuwa vitambaa vya mchanganyiko huwa na hariri upande mmoja na viskosi upande mwingine. Kwanza ufungue uzi kwa kuuzungusha kinyume. Hariri ya kuzongolewa itaachana kuwa nyuzi ndefu nyembamba mno, nyororo, zisizo na manyoya. Hariri ya kusokotwa itachanika kuwa nywele fupi za sentimita chache.

Kisha uchome, ukiushika kwa kibano juu ya sinki au sahani ya chuma. Hariri hujikunja ikiukimbia moto, huungua polepole, kwa kawaida huzimika moto ukiondolewa, hunuka nywele zilizoungua, na huacha majivu meusi yanayosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kubaki tone gumu. Viskosi huwaka haraka kama karatasi. Sufu hunuka kama hariri, lakini macho yatakutofautishia. Majivu yakibaki na umbo la uzi uleule kama mifupa yake, hariri hiyo imeongezwa uzito kwa chumvi ya metali.

Kwa uhakika zaidi, tumbukiza kipande kidogo kwenye dawa ya klorini ya kupaushia. Hariri na sufu huyeyuka na kutoweka; pamba, viskosi na poliesta hubaki. Lile jaribio la kupitisha skafu ndani ya pete halithibitishi chochote isipokuwa wembamba. Jaribio la kusikiliza mlio wa kitambaa kinaposuguliwa halina uzito pia, kwani mlio huo hutokana na kuoshwa kwa asidi kiwandani.

Lebo husaidia pale sheria inaposimamiwa. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni 1007/2011 inaruhusu neno hariri kwa nyuzi zitokanazo na wadudu pekee. "Mguso wa hariri" na "hariri bandia" si hariri. Mara nyingi ni viskosi au poliesta.

Kuitunza

Kumbuka kwamba unaosha protini. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na chakula huimeng'enya hariri vilevile, na dawa ya klorini huiyeyusha kama ulivyoona. Tumia sabuni ya maji isiyo kali, maji yasiyozidi nyuzi joto 30, dakika tatu hadi tano, bila kusugua. Kabla ya hapo bonyeza pamba nyeupe iliyolowa kwenye pindo la ndani. Ikishika rangi, nguo hiyo ioshwe peke yake kwa maji baridi, au ipelekwe kwa dobi anayejua hariri. Suuza mara mbili, ya pili ukiweka kijiko kimoja cha siki nyeupe kwa lita 4 za maji, ili kuondoa mabaki ya sabuni yanayofifisha mng'aro.

Usikamue. Hariri hupungua nguvu ikiwa imelowa, na mikunjo ya kukamua hubaki kama mistari mieupe, hasa kwenye rangi nzito. Izungushie ndani ya taulo, bonyeza, kisha anika kivulini. Piga pasi ikiwa bado ina unyevu kidogo, upande wa ndani, kwa moto mdogo. Usinyunyizie matone ya maji juu ya kitambaa kikavu, huacha duara. Doa la maji likishatokea, lowesha nguo nzima na uikaushe kwa usawa.

Jasho na dawa za kwapa zenye chumvi za alumini hukatisha hariri kwapani kabla ya mahali pengine popote, kwa hiyo acha dawa ikauke ndipo uvae, na osha mapema hata kama hakuna doa. Manukato yapulizwe mwilini. Jua la moja kwa moja huifanya hariri nyeupe kuwa njano na kuidhoofisha, jambo ambalo huyamaliza mapazia yasiyo na bitana. Kwenye kabati ihifadhiwe ikiwa safi, ndani ya mfuko wa pamba. Plastiki hufungia unyevu, na mabaki ya chakula huwavuta wadudu wanaokula protini. Vitambaa vizito na vya zamani visikunjwe. Vizungushiwe kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa kwa kitambaa cheupe cha pamba.